Nairobi hadi New York: Umbali ni wa Ardhi, Muda ni wa Upepo

Kati ya Nairobi na New York pana umbali wa takriban kilomita 11,800 ukipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, na ndege ya abiria isiyotua popote njiani huumaliza umbali huo kwa saa kumi na nne hadi kumi na tano. Saa za kuondoka na kufika zilizoandikwa kwenye tiketi, hata hivyo, huonekana kusema jambo jingine kabisa. Katika miezi ya baridi ya Marekani, ndege inayopaa Nairobi saa tano na dakika 25 usiku na kutua New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi huonekana kuwa imesafiri saa saba tu, ilhali ile inayoondoka New York saa sita na dakika 25 mchana na kufika Nairobi saa nne na dakika 25 asubuhi ya siku ya pili huonekana kuwa imekaa angani saa ishirini na mbili. Hakuna uongo katika hesabu hizi, bali kila moja ina kipimo chake, na mkanganyiko huzuka pale kipimo kimoja kinapochukuliwa badala ya kingine. Umbali hutokana na umbo la dunia, muda wa kuruka hutokana na mashine na upepo, na saa za tiketi hutokana na sheria za nchi mbili zilizojiamulia kila moja ianze siku yake lini. Anayetaka kujua safari hii ina urefu gani hana budi kuvitenganisha vipimo hivyo vitatu kwanza.

Safari ya moja kwa moja kati ya miji hii miwili ilianzishwa na shirika la Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8 Dreamliner yenye viti 234. Ili ndege za Kenya ziruhusiwe kuruka hadi Marekani, ilibidi kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ijiridhishe kwamba usimamizi wa usalama wa anga nchini Kenya umefikia viwango vya kimataifa, na daraja hilo lilitolewa mwezi Februari 2017. Kabla ya safari hiyo ya moja kwa moja kuanza, msafiri alilazimika kuunganisha ndege mahali fulani, kwa kawaida Ulaya, Ghuba au Addis Ababa, na njia hizo bado zinatumiwa na wengi hadi leo.

Njia za kuunganisha zatoa funzo la kwanza. Kutoka Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,700 hivi, na kutoka Amsterdam hadi New York ni kilomita 5,850 hivi, kwa hiyo anayepitia Amsterdam huongeza kilomita zipatazo 700 tu, ambazo ndege huzimaliza kwa muda usiofika saa moja. Lakini safari yake nzima huweza kuchukua saa ishirini au zaidi, kwa sababu kati ya ndege ya kwanza na ya pili ipo foleni ya ukaguzi, ipo mizigo ya kuhamishwa, na ipo saa tatu, nne au saba za kukaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege akiitazama mikoba yake. Anayepitia Dubai huongeza zaidi, kwani huanza kwa kuelekea kaskazini-mashariki, yaani huipa New York kisogo, na jumla ya njia yake hufikia kilomita 14,500 na ushei. Katika hali zote mbili kinachorefusha safari zaidi ni kule kungoja ardhini kuliko kilomita zilizoongezwa angani.

Uzi juu ya tufe

Ramani ya ukutani ambayo wengi waliizoea shuleni ni ya mtindo uliobuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Katika ramani hiyo, dunia ambayo kwa hakika ni tufe, yaani umbo la mviringo kama mpira, imekunjuliwa na kulazwa juu ya karatasi bapa. Mtu akichukua rula na kuunganisha Nairobi na New York juu ya karatasi hiyo, mstari wake utapita katikati ya Afrika, utaikata Afrika Magharibi na kutokea baharini kwenye pwani ya Mauritania. Mstari huo una faida moja, kwamba nahodha anayeufuata huweza kushikilia mwelekeo mmoja wa dira mwanzo hadi mwisho, lakini licha ya kuonekana umenyooka, hauwi njia fupi.

Njia fupi huonekana pale uzi unaponyooshwa juu ya tufe lenyewe. Mwalimu mwenye tufe la darasani aweza kuibana ncha moja ya uzi penye Nairobi, akaivuta ncha ya pili hadi New York mpaka uzi ukaze, na wanafunzi wataona uzi ukihamia kaskazini zaidi ya walivyotarajia. Asiye na tufe aweza kufanya hivyo hivyo kwa chungwa na vijiti viwili vya kuchokolea meno. Mstari huo uliokazwa ni kipande cha kile kinachoitwa duara kuu, yaani duara ambalo likichorwa juu ya tufe huligawa nusu kwa nusu sawasawa, kama ikweta inavyoigawa dunia. Kutoka Nairobi, duara hilo huelekea kaskazini-magharibi, likapita juu ya Uganda, Sudan Kusini, kona ya Darfur nchini Sudan, Chad, Niger, Algeria na Morocco, kisha likaingia Bahari ya Atlantiki, likapita karibu kabisa na visiwa vya Azores vya Ureno kabla ya kufika Marekani. Tofauti kati ya mstari wa rula na mstari wa uzi ni kama kilomita 350, sawa na dakika ishirini na tano za kuruka.

Umbali wenyewe hupatikana kwa hesabu iliyojengwa juu ya latitudo na longitudo, yaani nyuzi zinazoonyesha mahali palivyo kaskazini au kusini mwa ikweta, na mashariki au magharibi mwa mstari wa Greenwich. Nairobi ipo zaidi kidogo ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta na karibu nyuzi 37 mashariki, na New York ipo kwenye nyuzi 40 na nusu kaskazini na karibu nyuzi 74 magharibi. Mtu akijiweka katikati ya dunia, kwenye kiini chake, na kuinyoshea miji hiyo miwili mikono yake, pembe kati ya mikono yake itakuwa nyuzi 106 na kitu, yaani pana kuliko ile ya kona ya chumba. Kwa kuwa kila uzi mmoja wa pembe hiyo juu ya uso wa dunia ni sawa na kilomita 111 hivi, jibu huja kwenye kilomita 11,800. Marubani na mabaharia hutumia kipimo kilichotokana na pembe hizi hizi, nacho ni maili ya baharini yenye mita 1,852, ambayo asili yake ni sehemu moja katika sitini ya uzi mmoja. Ndiyo maana rubani husema Nairobi na New York zimeachana kwa maili za baharini 6,400 hivi.

Kipimo hiki cha tufe pia huweka ukomo kwa safari zote za dunia. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna miji miwili inayoweza kuachana kwa zaidi ya kilomita 20,000, maana anayevuka kiasi hicho huwa ameanza kurudi kwa upande wa pili. Safari ya Singapore hadi New York, ambayo ni miongoni mwa ndefu zaidi zinazofanywa na ndege za abiria bila kutua, ni ya kilomita 15,300 hivi na huzidi saa kumi na nane. Nairobi na New York kwa hiyo zimeachana kwa zaidi kidogo ya nusu ya umbali mkubwa kabisa unaowezekana.

Saa mbili zilizopotea

Boeing 787 husafiri angani kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Hesabu ya shule ya msingi, ya kugawa umbali kwa kasi, huleta muda wa saa kumi na tatu na dakika chache kutoka Nairobi hadi New York. Ratiba nayo hutaja saa kumi na tano. Swali la haki ni hili: karibu saa mbili hizo zimekwenda wapi?

Sehemu ndogo ya muda huo hutumika ardhini. Muda unaotangazwa na mashirika ya ndege huanza kuhesabiwa ndege inapoondolewa vigingi vya magurudumu langoni na huisha inaposimama langoni mwa uwanja wa pili, kwa hiyo dakika za kutambaa hadi njia ya kurukia, za kungoja zamu, na za kutafuta lango baada ya kutua zote zimo. Sehemu nyingine hutumika katika kupanda na kushuka, wakati ambapo ndege haijafikia kasi yake kamili. Lakini mlaji mkubwa wa muda ni upepo, na hapa watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana elimu ya kale.

Kwa karne nyingi nahodha wa jahazi hakuulizwa Muscat ni maili ngapi kutoka Lamu au Zanzibar, bali aliulizwa ni msimu gani. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ilipoanza kushika baada ya hapo, yalirudi. Bahari ilikuwa ile ile na umbali ni ule ule, lakini aliyetaka kwenda kinyume cha msimu alingoja miezi. Ndege ya leo hailazimiki kungoja, kwa kuwa ina nguvu za kuushinda upepo, ila ushindi huo hulipiwa kwa dakika na kwa mafuta.

Ndege hubebwa na hewa kama mtumbwi unavyobebwa na mto. Kasi ya kilomita 900 ni kasi yake ndani ya hewa inayoizunguka, na hewa hiyo nayo inatembea. Upepo ukiwa wa mbele, kasi juu ya ardhi hupungua kwa kiasi cha upepo huo, na ukiwa wa nyuma huongezeka. Katika anga ya kilomita tisa hadi kumi na mbili juu ya nchi zilizo mbali na ikweta, upepo huvuma kwa kawaida kutoka magharibi kwenda mashariki, na mahali fulani hujikusanya kuwa mkondo mwembamba mkali unaoweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Mjapani Wasaburo Ooishi aliupima mkondo huo miaka ya 1920 kwa kurusha maputo kutoka kituo cha hali ya hewa cha Tateno na kuyafuatilia kwa darubini, akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto ili ulimwengu usome, na ulimwengu haukusoma. Marubani wa Marekani walioruka kwenda kuishambulia Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliugundua upya kwa taabu, pale ndege zao zilipojikuta zikienda polepole mno juu ya ardhi ingawa injini zilikuwa zikivuma kwa nguvu zote.

Ndege inayotoka Nairobi haisumbuliwi sana na upepo huo mwanzoni, kwa sababu karibu na ikweta anga ya juu huwa na upepo wa wastani tu. Inapofika juu ya Sahara na kuendelea kaskazini, hasa kati ya Desemba na Machi, hukutana na upepo wa magharibi uso kwa uso, na hali hiyo huendelea juu ya Atlantiki hadi mwisho wa safari. Inayorudi Nairobi husukumwa na upepo huo huo mgongoni. Nguvu ya msukumo huo ilionekana waziwazi usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 Februari 2020, pale ndege ya British Airways iliyokuwa ikitoka New York ilipofika London kwa saa nne na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita, na kasi yake juu ya ardhi ikapita kilomita 1,300 kwa saa.

Huenda msomaji akadhani kwamba faida ya kurudi hufidia hasara ya kwenda, lakini hesabu haikubali. Chukuliwe umbali wa kilomita 12,000 na ndege ya kilomita 900 kwa saa. Bila upepo, kwenda na kurudi huchukua saa 26 na dakika 40. Upepo wa kilomita 100 ukivuma, ndege itakwenda kwa kilomita 800 kwa saa na kutumia saa kumi na tano, kisha itarudi kwa kilomita 1,000 kwa saa na kutumia saa kumi na mbili, jumla saa ishirini na saba. Dakika ishirini zimepotea, kwa sababu ndege hukaa na upepo mbaya muda mrefu kuliko inavyokaa na upepo mzuri.

Dunia inazunguka, ndege yaambulia nini?

Swali moja huulizwa na watoto wa shule na huwashinda watu wazima wengi: ikiwa dunia hujizungusha kuelekea mashariki, kwa nini ndege isipande juu ya Nairobi, ikangoja New York ijilete yenyewe? Ardhi ya Nairobi, iliyo karibu na ikweta, huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo jambo hilo lingekwisha kwa muda usiozidi nusu ya ule unaotumika sasa. Jibu ni kwamba hewa huzunguka pamoja na ardhi. Kondakta akirusha sarafu juu ndani ya basi linalokimbia, sarafu humrudia mkononi wala haimgongi abiria wa kiti cha nyuma, kwa kuwa tayari ilikuwa na mwendo wa basi, na hivyo ndivyo ilivyo ndege iliyopaa ikiwa na mwendo wa dunia.

Hata hivyo mzunguko wa dunia hauachi kuigusa safari hii, ila huigusa kwa mlango wa nyuma. Ardhi ya New York ipo mbali na ikweta na duara inalozunguka ni dogo zaidi, kwa hiyo mwendo wake ni kama kilomita 1,270 kwa saa tu. Hewa ya joto inayopanda katika nchi za tropiki na kuelekea kaskazini huenda nayo ikiwa imebeba kasi kubwa ya ikweta, na inapofika juu ya ardhi iendayo polepole hujikuta ikiitangulia kuelekea mashariki. Huo ndio mzizi mmojawapo wa upepo wa magharibi ulioelezwa hapo juu.

Uwanja ulio mlimani na mzigo wa mafuta

Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta upo mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na ule wa John F. Kennedy wa New York upo mita chache tu juu ya maji. Tofauti hiyo ina uzito wake. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi. Wakimbiaji wa Iten, mji wa nyanda za juu za Kenya, huifahamu hewa ya namna hiyo vifuani mwao, na injini ya ndege nayo huifahamu, kwani hewa nyepesi huipa injini nguvu pungufu na huyapa mabawa kitu kidogo cha kushika. Matokeo yake ni kwamba ndege inayopaa Nairobi huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka, na pengine hulazimika kupunguza uzito. Njia ya kurukia ya Nairobi yenye urefu unaozidi mita 4,000 husaidia, na kupaa usiku, wakati hewa imepoa, husaidia pia.

Uzito huo wenyewe kwa sehemu kubwa ni mafuta. Safari ilipozinduliwa, shirika lilieleza kwamba kila upande utahitaji takriban tani 85 za mafuta, pamoja na marubani wanne na wahudumu kumi na wawili. Boeing 787-8 haitakiwi kupaa ikiwa na uzito unaozidi tani 228 hivi, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya kitu kinachonyanyuka ardhini ni mafuta ya kujinyanyulia. Hali hii ni kama ya msafiri wa jangwani anayebeba maji: kila dumu analoongeza humfanya atoke jasho zaidi na kunywa zaidi. Ndege huanza safari katika kimo cha chini kidogo kwa sababu ni nzito, na kadiri mafuta yanavyoungua hupandishwa ngazi kwa ngazi hadi kwenye hewa nyembamba inayoitatiza kidogo. Marubani wanne huwepo kwa kuwa sheria hazimruhusu rubani kukaa kazini mfululizo kwa muda wote huo, hivyo hupokezana, na walio mapumziko hulala katika vitanda vilivyojengwa juu ya dari la abiria.

Mafuta hayo hayapimwi kwa kufikia tu. Kanuni za kimataifa hudai ndege ibebe ya safari yenyewe, nyongeza ya kawaida ya asilimia 5 kwa yasiyotarajiwa, ya kwenda uwanja mbadala ikiwa ule uliokusudiwa haufai, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya dakika thelathini ambayo haitakiwi kuguswa ila kwa dharura. Kwa ndege ya injini mbili ipo pia kanuni ya umbali: wakati wowote juu ya bahari lazima iwe katika muda maalumu wa kufika uwanja fulani ikiwa na injini moja tu. Visiwa vya Azores, ambavyo msafiri huviona kama nukta kwenye skrini iliyo mbele ya kiti chake, hupata umuhimu wake hapo. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya abiria aina ya Airbus A330 iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kwa sababu ya uvujaji, injini zote mbili zikazima, nayo ikaelea kwa dakika kumi na tisa hivi bila nguvu hadi uwanja wa Lajes katika visiwa hivyo, na watu wote 306 waliokuwamo wakanusurika.

Si kila siku, basi, ndege hufuata uzi wa tufe. Wapanga safari huchora njia mpya kila mara kwa kuangalia upepo, tufani, ada za anga za nchi mbalimbali na usalama wa nchi zilizo chini. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na baada ya mapinduzi ya Niger, anga yake nayo ilifungwa tarehe 6 Agosti 2023 na kufunguliwa tarehe 4 Septemba mwaka huo huo. Nchi zote mbili zipo kwenye mstari ule mfupi, na kila anga inapofungwa ndege za kati ya Afrika na nchi za kaskazini huzunguka. Hivyo umbali wa ramani haubadiliki, lakini umbali unaorukwa hubadilika kwa hali ya hewa na kwa siasa.

Saa ya jua na saa ya tiketi

Kipimo cha tatu ni saa yenyewe. Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa ishirini na nne, yaani nyuzi 15 kwa kila saa, na kwa kuwa Nairobi na New York zimeachana kwa karibu nyuzi 111 za longitudo, jua huchelewa kufika New York kwa saa saba na karibu nusu. Serikali za nchi hizi mbili hazikubali nusu hizo. Kenya, sawa na Tanzania na Uganda, huitangulia saa ya kimataifa kwa saa tatu mwaka mzima, na New York huwa nyuma ya saa hiyo kwa saa tano wakati wa baridi na saa nne kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, wakati Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele ili wanufaike na mwanga wa jioni. Kwa hiyo tofauti ya miji hii ni saa nane katika majira ya baridi na saa saba katika muda uliobaki.

Msomaji wa Kiswahili ana hesabu moja ya ziada. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa kulipopambazuka, na katika nchi za ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, mpango huo ni wa busara. New York jua huchomoza mapema sana mwezi Juni na kuchelewa mno mwezi Januari, kwa hiyo alfajiri haiwezi kuwa nguzo ya saa. Tiketi nayo huhesabu saa za mahali kuanzia usiku wa manane. Katika mfano uliotangulia, 06:25 ya tiketi ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, na 12:25 ya tiketi ni saa sita na dakika 25 mchana, yaani sita ya tiketi ni kumi na mbili ya Kiswahili, na kumi na mbili ya tiketi ni sita ya Kiswahili. Mtu anayezisoma tarakimu hizo kwa haraka, bila kutoa wala kuongeza saa sita, huweza kufika uwanjani ndege ikiwa imekwisha kuondoka.

Mwili nao una saa yake isiyosoma tiketi. Anayeondoka Nairobi usiku kuelekea magharibi hulikimbia jua, na jua humfuata nyuma polepole. Katika mwezi wa Januari, tangu lilipotua Nairobi hadi litakapochomoza New York, atakuwa amekaa gizani kwa karibu saa ishirini, usiku ambao hakuna mkazi wa ikweta aliyewahi kuuona akiwa nyumbani. Uchovu na kukosa usingizi kwa siku kadhaa baada ya hapo ni saa ya mwili inayojirekebisha taratibu, na kwa watu wengi marekebisho huwa magumu zaidi katika kurudi mashariki, kwa sababu ni rahisi kuchelewesha usingizi kuliko kuuwahisha.

Ipo hata hivyo njia nyepesi ya kuufunua ukweli uliofichwa na saa. Muda wa kwenda unaoonekana kwenye tiketi ni saa saba, na wa kurudi ni saa ishirini na mbili, na jumla yake ni saa ishirini na tisa. Katika kujumlisha huko tofauti ya saa nane hujifuta yenyewe, kwa kuwa iliyotolewa wakati wa kwenda ndiyo iliyoongezwa wakati wa kurudi. Hizo saa ishirini na tisa ni za safari yenyewe, toka lango hadi lango, kumi na tano za kwenda na kumi na nne za kurudi, na saa moja inayozitenganisha kwa sehemu kubwa ni kazi ya upepo.

Anayekwenda kumpokea ndugu yake Nairobi aweza kuitumia elimu hiyo hiyo. Akiambiwa katika majira ya baridi kwamba ndege imeondoka New York saa sita na dakika 25 mchana, huongeza saa nane na kupata saa mbili na dakika 25 usiku kwa saa ya Nairobi, kisha huhesabu saa kumi na nne mbele na kupata saa nne na dakika 25 asubuhi. Lakini atakuwa amefanya vyema kuangalia tena taarifa za uwanja kabla ya kutoka nyumbani, maana mkondo wa juu ukiwa mkali usiku huo, mgeni wake huenda akatua kabla ya wakati, kama jahazi lililopata kaskazi nzuri.